Masikio ya Klemens

Klemens Harbut alikuwa na vidole vinane, meno sita ya kwake mwenyewe, na masikio yaliyoweza kumsikia panya akitafuna shayiri kwenye banda la jirani. Vidole viwili viliondoka na mnyororo wa magogo msituni, mwaka aliooa. Meno sijui yaliondokaje, hakuwahi kusema. Masikio ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa sababu kituo chetu kilitegemea masikio hayo miaka kumi na mmoja, na mimi mwenye vyeti viwili ukutani nilikuwa nikila jasho lake.

Kituo chetu kiko chini ya milima ya Beskid, pale lami inapochoka na kugeuka changarawe. Vijana huletwa kwetu kutoka shule za wilayani na kutoka kliniki ya mjini: wasiolala, wasiokula, wanaojikata mikono, waliofiwa, waliochekwa shuleni mpaka wakaacha kuongea. Hatuwafundishi kushindana mbio. Wanampiga farasi brashi, wanamlisha, wanamtembeza, na wengine hupanda bila tandiko na kulala kifudifudi shingoni mwake, naye anazunguka uwanja polepole. Mimi ni mwanasaikolojia, natembea pembeni. Klemens alitembea mbele, ameshika kamba.

Alikuja kwetu siku kampuni ya magogo iliponunua mashine. Alifika na farasi wake wawili wa milimani, wafupi, wenye vifua vipana, akasimama langoni mvua ikimnyeshea. Mkurugenzi wetu akamwambia tunawahitaji farasi, lakini mfanyakazi tunaye tayari.

"Farasi hawa hawajazoea sauti ya mtu mwingine," Klemens akasema. "Mkiwataka, mtanichukua na mimi. Mimi sili sana."

Wakamchukua. Farasi mmoja alikufa baada ya miaka minne. Aliyebaki ni Malwa, jike la rangi ya kijivu, mpole kupita kiasi na mwizi wa tufaha.

Kazi ya mshika kamba ina sheria mbili: haongei, na hageuki nyuma. Akigeuka, kijana aliye mgongoni anakumbuka kwamba kuna mtu mzima hapo, anajikaza. Kwa hiyo Klemens alikuwa kisogo tu na kofia ya manyoya. Baada ya mzunguko wa tatu watoto humsahau, huanza kumwambia Malwa mambo ambayo mimi ningeyabembeleza mwaka mzima nisiyapate. Klemens aliyasikia yote. Somo likiisha, akiwa ameinama anasafisha kwato, ananipa sentensi moja tu.

"Yule wa koti la kijani, leo asirudi na baba yake."

Au: "Yule mrefu hana ugonjwa. Amependa mtu na hajui amwambieje. Mwache."

Nami jioni naandika kwenye ripoti: kwa tathmini yangu. Yangu wapi!

Siku ya kwanza huwa namwambia kila kijana kwamba mambo yake ni yake, ila nikiona maisha yake yako hatarini nitawaambia wanaopaswa kujua. Wote huitikia kwa kichwa, na hakuna anayesikia. Wanamtazama farasi.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni langu kabla ya kuwa la mtu yeyote. Mimi nimezaliwa Krakow, ghorofa ya nne, mnyama wetu alikuwa samaki wa rangi kwenye chupa. Mkesha wa Krismasi nyumbani tulimegeana ule mkate mwembamba kama hostia na kutakiana heri kabla ya supu, kama watu wote. Mkate wa rangi ya waridi, ule wa wanyama, niliuona mara ya kwanza huku kijijini, nikaona ni jambo zuri sana. Wakulima huupeleka zizini jioni ile, kwa kuwa wanyama walimpa Mtoto joto wakati watu walikuwa wamefunga milango. Na usiku huo, wanasema, wanyama huongea kama watu.

Nikapata wazo. Asubuhi ya mkesha vijana waje, kila mmoja ammegee Malwa kipande cha waridi na kumnong'oneza neno moja sikioni, neno ambalo hajamwambia mtu. Usiku Malwa atajua la kujibu. Niliona nimegundua dawa.

Klemens alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua.

"Bi Bogna," akasema, "umeuchukua usiku wa manane ukauweka saa nne asubuhi."

"Kuna ubaya gani?"

"Sijui. Labda farasi wana saa ya Krakow." Akafuta pua. "Lakini kuna upande wa pili wa habari, hujaambiwa. Binadamu akisikiliza yanayosemwa na wanyama au kwa wanyama siku hiyo, haufikii mkesha mwingine. Mjomba wangu Florian alijificha kwenye nyasi kavu akasikiliza. Mavuno hayakumkuta."

"Alikufaje?"

"Alianguka ngazi."

"Akiwa amelewa?"

"Alikuwa amelewa," akakubali. "Lakini alikuwa amelewa miaka ishirini na ngazi ilikuwa ile ile."

Nikacheka. Akasema watoto waje, hana neno, ila siku hiyo yeye hatashika kamba. Malwa atasimama mwenyewe, na yeye atakaa nje. Baba yake aliwahi kumchapa na hatamu kwa kusogelea tu mlango wa zizi jioni ya mkesha, naye alikuwa na miaka saba. Mambo kama hayo hayamtoki mtu. Nikaona ni haki yake na sikubishana.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri, na wa pili pia. Watoto walitoka bandani macho yakiwa mekundu na nyuso zimetulia, na Klemens alikuwa akitembea nje karibu na pipa la maji, amefunga masikio ya kofia chini ya kidevu, anaimba wimbo wa Krismasi kwa sauti ya kukwaruza ili asisikie hata kwa bahati mbaya. Nilimpiga picha. Ile picha iliwekwa kwenye jarida la wafadhili wetu.

Mwaka wa tatu alikuwapo Tymek.

Tymek alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mcheshi. Shule walimleta kwa utoro. Hakuna aliyekuwa na hofu juu yake, mimi nikiwamo, kwa sababu tulikuwa na watoto wasiofungua mdomo na huyu alikuwa haufungi. Kila alipofika alimwanza Klemens.

"Mzee, hiyo kofia yako ilikuwa kondoo au mbwa?"

"Ilikuwa kijana aliyeuliza maswali mengi."

"Ndiyo maana ina akili kuliko mwenyewe."

"Ingekuwa na akili isingekaa kichwa hiki. Shika brashi."

Klemens alimpenda. Hakuwa na mtoto wa kiume, na binti yake yuko Norwei anasafisha samaki. Mkewe Aniela alikuwa kaburini tangu kabla sijafika. Tymek akichelewa, mzee alikuwa akisafisha kwato zilizokwisha kusafishwa ili asionekane anasubiri.

Asubuhi ya mkesha Tymek alikuwa wa mwisho. Mlangoni pa banda, kipande cha waridi mkononi, akamsimamisha Klemens. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao.

"Na wewe mzee, utakuwa unasikiliza?"

"Leo sisikilizi. Leo ni kati yako na Malwa."

"Kweli?"

"Nilichapwa kwa ajili ya jambo hili. Kweli."

Akafunga masikio ya kofia, akaenda kwenye pipa la maji, akaanza kuimba. Tymek aliingia. Alikaa muda mrefu hata nikatazama saa, nikajiambia, vizuri, huyu mcheshi hatimaye ameshusha mzigo. Alipotoka alikuwa ametulia kabisa. Akamfuata Klemens, akavua glavu zake za ngozi, nzuri, za kupandia farasi, alizonunuliwa na mama yake.

"Chukua, mzee. Zimenibana."

"Mimi nina vidole vinane. Viwili vitalala njaa."

"Basi vipeane zamu," Tymek akasema, akamkumbatia, akaenda kupanda basi.

Siku tano baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu, mwanzoni mwa Januari, Tymek alijiua. Ilikuwa mchana, mama yake akiwa kazini. Sitaongeza neno hapo.

Klemens alikaa siku mbili na glavu mfukoni. Siku ya tatu alizitundika zile glavu kwenye msumari wa chumba cha hatamu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akasema bila kugeuka, "Hakuwa ananipa zawadi, Bi Bogna. Alikuwa anagawa mirathi. Nami nikamfanyia mzaha."

Februari mama yake alikuja. Aliitwa Wioletta, mpishi wa kantini kwenye kiwanda cha mbao, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Alitembea kutoka kituo cha basi kwenye theluji na viatu vya mjini. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja bandani, akamkuta Klemens anachota shayiri.

"Wewe ndiye mwenye farasi?"

"Ndiyo, mama."

"Aliniambia usiku ule, tukiwa mezani. Alisema, leo nimemwambia Malwa. Nikamuuliza umemwambia nini, akasema siri ya farasi, mama, kula samaki wako." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayesoma. "Alisema nini?"

Klemens aliweka ndoo chini.

"Sikusikia, mama."

"Lakini ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nje. Nilikuwa naimba."

Yule mama alimtazama. Hakumtukana. Natamani angemtukana. Alimwendea Malwa, akaishika taya yake kwa mikono miwili, akaweka sikio lake kwenye mdomo wa farasi, akasubiri. Malwa hakutikisika. Alimpumulia shavuni tu, na yule mama alisimama vile mpaka nywele zake zikalowa kwa ile pumzi. Kisha akashukuru, akatuaga kwa adabu, akarudi kwenye theluji.

Klemens aliketi chini, kwenye majani machafu, akalia kwa sauti. Sijawahi kusikia mwanamume akilia vile na sitaki kusikia tena.

Nilimwambia ninachowaambia watu. Nilimwambia Tymek alisema kwa sababu aliahidiwa hasikilizwi, na kama Klemens angebaki, kijana angenyamaza tu. Labda lingekuwa lile lile.

"Hilo nimelizungusha usiku na mchana," akasema. "Nikisikiliza, hasemi. Nisiposikiliza, anasema na hakuna anayejua. Halina mlango hilo, Bi Bogna. Lakini kuna kitu kimoja najua. Miaka yote nimewasikiliza watoto hawa wakisema mambo ya kuku na mitihani. Siku moja ya mwaka nilipoziba masikio ndiyo siku aliyosema. Na niliyaziba kwa nini? Kwa sababu niliogopa kufa."

Krismasi iliyofuata hatukufanya kitu, na ile nyingine pia. Klemens aliendelea na kazi, lakini mizaha iliisha. Akawa ananiletea kila neno, mtoto akikohoa ananiambia, mtoto akisema amechoka ananiambia, mpaka nikaanza kumkwepa. Nisiseme uongo, alinichosha.

Aliyemrudishia kicheko ni Jagoda. Alikuwa na miaka kumi na minne, ametulia kama maji ya kisimani, na miezi mitatu ya kwanza hakumjibu mtu. Siku moja Malwa alimpokonya kofia ya sufu, akaitupa kwenye pipa la maji, na Klemens akampa ya kwake. Akaivaa, ikamfika puani. Kutoka ndani ya kofia tukasikia sauti: "Inanuka." Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwetu. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

Tangu hapo akawa anamwita babu. Kila Alhamisi alimletea keki ya mbegu ndogo nyeusi za mpopi iliyotengenezwa na bibi yake, akimkatia vipande vidogo kwa ajili ya yale meno sita. Klemens alimfundisha kusafisha kwato, na ikafika siku akampa kamba, yeye mwenyewe akatembea nyuma.

"Usigeuke," akamwambia.

"Najua."

"Unajua lakini shingo yako haijui."

Desemba ilipokaribia, watoto wenyewe waliniuliza habari za mkate wa waridi. Walisikia kwa wenzao wakubwa. Nilitaka kukataa. Klemens akasema, "Waje."

Asubuhi ya mkesha alifika amenyoa ndevu, hana kofia. Ilikuwa baridi ya kuuma, nywele zake chache zilikuwa zimesimama.

"Vaa kofia, Klemens. Utakufa na baridi."

"Nikivaa sisikii vizuri."

Hapo nikaelewa. Nikamwambia hatuwezi kuwavizia, lazima wajue. Akasema ndivyo anavyotaka. Nikawakusanya wote, nikawaambia mwaka huu Bwana Klemens atasimama kichwani mwa Malwa ameshika kamba, na kwamba masikio anayo. Wakacheka, wakadhani ni mzaha juu ya ukubwa wa masikio yake. Waliingia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa mlangoni.

Jagoda alipoingia alisimama upande wa pili wa shingo, akainua mkono akazishika nywele za Malwa. Alinong'ona. Mimi sikusikia hata herufi moja. Niliona uso wa Klemens tu, alikuwa ametazama chini, na niliona rangi inamtoka. Msichana alipomaliza, akamega mkate, akamlisha farasi, akataka kwenda.

"Jagoda," Klemens akasema. "Nimesikia."

Msichana akasimama.

"Hujasikia kitu."

"Nimesikia siku. Nimesikia na mahali. Sasa namwambia Bi Bogna. Tunaweza kwenda wote wawili, au niende peke yangu."

"Ni siri ya farasi."

"Ilikuwa."

"Babu, tafadhali." Hilo alilisema kwa sauti ndogo sana. Kisha akaona kwamba hatanyamaza, na kitu kikamgeuka usoni. "Wewe mbea. Mbea mzee. Nilikuwa nakuletea keki."

"Ulikuwa unaniletea."

"Nilikuita babu!"

"Niite unavyotaka. Mradi uwepo wa kuita."

Nilikuwa nimeshamfikia, nimemshika mabegani. Alimtazama Klemens juu ya mkono wangu.

"Si mnasema anayesikiliza anakufa kabla ya mkesha mwingine? Basi ufe."

Klemens alikuwa bado ameshika kamba. Malwa alikuwa anatafuta makombo kwenye mfuko wa koti lake.

"Sawa, mjukuu wangu," akasema. "Hapo tumeelewana."

Nilimpigia simu mama wa Jagoda, na gari la wagonjwa likaja. Krismasi Jagoda aliila wodini, na akakaa huko wiki tisa. Hakurudi kwetu. Mama yake aliniandikia kwamba amenenepa kidogo, amerudi shule, na kwamba hataki kusikia jina la kituo wala la yule mzee. Nilimwambia Klemens sehemu ya kwanza tu, lakini ya pili aliijua mwenyewe. Kila Jumatatu alikuwa akiniuliza, kabla hata ya kusalimia:

"Anakula?"

"Anakula."

Hapo anachukua koleo lake na kwenda kuondoa kinyesi.

Septemba alimwona sokoni mjini, siku ya mnada wa mifugo. Jagoda naye alimwona, akavuka barabara asikutane naye. Klemens alinisimulia mara tatu siku hiyo, na kila mara alikuwa amefurahi.

"Anatembea haraka," akasema. "Na ana viatu vipya."

Nilikwenda ofisini nikafunga mlango.

Oktoba, asubuhi ya Alhamisi, nilimkuta ameketi juu ya ndoo aliyoipindua, mgongo ukutani, kamba mkononi. Malwa alikuwa amesimama mbele yake, kamba imelegea, hajasogea hata kuifuata nyasi iliyokuwa karibu. Moyo. Daktari alikuwa amemwonya miaka sita, na vidonge tulivikuta kwenye sanduku la brashi, pakiti tatu hazijafunguliwa. Huwa napigana na watu kwa hoja hiyo. Kijijini walihesabu miezi kwa vidole wakatikisa vichwa, na mwenye duka aliponiambia, "Unaona, Bi Bogna, hakuufikia," nilimwambia aniuzie chumvi na anyamaze. Mimi siamini habari za mjomba Florian. Lakini Klemens aliamini, aliamini kama anavyoamini kwamba moto unaunguza, na bado aliivua kofia. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kwenye mazishi alikuja binti yake kutoka Norwei, mwanamke mwenye haya, aliyeniuliza baba yake alikuwa akifanya kazi gani hasa. Alikuja pia Wioletta. Aliomba zile glavu za msumarini, nikampa, akazilaza juu ya kifua cha Klemens chini ya mikono yake. Jagoda hakuja.

Mkesha ukafika. Sikupanga kitu, lakini vijana walikuja na mikate yao ya waridi, na sikuwa na moyo wa kuwafukuza. Nilisimama mlangoni, mbali kidogo, na walipoondoka wote nikaanza kufagia. Ilikuwa saa saba mchana. Nilipoinua kichwa, Jagoda alikuwa amesimama uani, amerefuka, ameshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha jikoni. Nilijua ni nini kwa harufu.

"Bibi ametengeneza," akasema. "Hakujua amempikia nani. Mimi nilijua."

"Karibu ndani, kuna baridi."

Hakuingia. Aliitazama ile ndoo. "Nilimuua?"

"Moyo wake ulimuua. Ulikuwa mbovu kabla hujazaliwa sawasawa. Vidonge alivificha kwenye sanduku la brashi."

"Lakini nilisema. Nilisema ufe."

"Ulisema. Na kila Jumatatu aliniuliza kama unakula."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia anakula."

Alilia akiwa amesimama, mikono imejaa keki, hawezi hata kujifuta. Nilimpokea ule mzigo nikauweka juu ya ndoo, nikamfuta uso kwa leso yangu, na mimi sikuwa na cha kujifutia. Aliniambia alikuwa na barua ya kumwandikia, ameianza mara nyingi, amefika "Babu" na kukwama. Aliniambia sokoni siku ile alivuka barabara kwa sababu angemwona karibu angemkumbatia, na alikuwa bado hajamaliza kumkasirikia.

Kisha akatoa mfukoni kipande cha waridi, kimevunjika pembeni.

"Naweza?"

"Nenda. Anakusubiri."

Aliingia bandani. Malwa alimtambua, alinyoosha shingo akaanza kumpekua mifukoni. Nilichukua ufagio nikaelekea mlangoni, kama mtu mwenye adabu anavyopaswa kufanya.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Nje. Nikupe nafasi."

"Usiende. Simama pale alipokuwa anasimama."

Nikaweka ufagio, nikaenda kichwani mwa Malwa, nikashika kamba. Niliangalia chini. Jagoda hakuanza. Alizunguka kwa mbele ya farasi akaja upande wangu, akanyoosha mkono, akanishusha kofia ya koti, masikio yangu yakabaki wazi kwenye baridi. Kisha akarudi upande wake, akazishika nywele za Malwa, akaanza kusema.